Sumu Moja, Miili Miwili

Miongoni mwa maswali ambayo dini na falsafa zimeyabeba kwa karne nyingi bila kuyamaliza, limo swali la mgawanyo wa madhara, yaani sababu ya janga moja kumwangukia mtu fulani na kumwacha jirani yake aliyesimama palepale, akifanya kazi ileile, chini ya jua lilelile. Katika Likasi, mji wa migodi wa Haut-Katanga ambao zamani za ukoloni uliitwa Jadotville, swali hilo halikai vitabuni, kwa kuwa mji wenyewe unaishi kwa vitu vinavyolisha na kudhuru kwa pamoja: shaba na kobalti za Kambove na Shituru, urani ya Shinkolobwe, asidi ya viwanda vya kusafishia madini, na, katika mashamba na bustani zinazouzunguka, dawa za kuua wadudu ambazo mkulima hununua ili mahindi na mboga zake zisiliwe kabla hajazila yeye. Watu wawili wanapopulizia dawa moja katika shamba moja, kisha mmoja akaugua na mwingine akabaki mzima, jamaa za mgonjwa huuliza jambo ambalo maelezo ya kawaida kuhusu sumu hayaligusi: kwa nini yeye, na si yule?

Insha hii inashikilia kwamba elimu ya sumu, hasa utafiti wa mwanasayansi Clement Furlong wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle pamoja na wenzake kuhusu kimeng'enya kiitwacho paraoksonasi, imelijibu swali hilo kwa kiasi ambacho wanateolojia na wanafalsafa hawajakitafakari vya kutosha, na kwamba jibu hilo halilifungi swali la haki, bali linaliondoa mahali lilipozoea kuulizwa na kulipeleka mahali linapostahili.

Kwanza ni lazima ieleweke jinsi dawa hizi zinavyoua. Kundi linalohusika hapa ni oganofosfati, yaani kemikali zenye fosforasi ndani yake, ambazo mkemia Mjerumani Gerhard Schrader wa kampuni ya IG Farben alizichunguza katika miaka ya 1930 akitafuta dawa ya wadudu, na ambazo zilimfikisha kwanza kwenye sumu za kivita za tabuni na sarini, kisha mwaka 1944 kwenye parathioni, dawa iliyosambaa mashambani katika nchi nyingi baada ya vita. Dawa ya shambani na silaha ya vita zina nasaba moja kwa sababu zinashambulia kitu kimoja mwilini. Neva hupeleka amri kwa misuli na tezi kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na amri ikishafika, kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia bila yenyewe kwisha, huivunja asetilikolini hiyo ili msuli upumzike. Kimeng'enya hiki, kiitwacho asetilikolinesterasi, ndicho ambacho oganofosfati hukibana na kukizima. Kwa hiyo amri haikomi, mate na machozi hutiririka, mboni za macho husinyaa, misuli hucheza hadi ikachoka, na mwisho pumzi hukatika.

Jambo la kutafakarisha zaidi ni kwamba dawa nyingi za kundi hili, kama vile parathioni, diazinoni na klopirifosi, huingia mwilini zikiwa na makali madogo, na ni ini la mtu mwenyewe, kwa vimeng'enya vya jamii ya saitokromu P450, linaloondoa atomu ya salfa na kuweka ya oksijeni mahali pake, likatoa umbo jipya liitwalo oksoni ambalo ni kali zaidi, kwa mbali, kuliko lile lililopenya ngozini. Mwili, katika juhudi yake ya kujisafisha, huinoa sumu inayoudhuru. Na mwili huohuo umeweka katika damu paraoksonasi, ambayo hutengenezwa na ini, husafiri ikiwa imejishika kwenye chembe zinazobeba ile lehemu ambayo madaktari huiita nzuri, huhitaji kalsiamu ili ifanye kazi, na huivunja oksoni kabla haijafika kwenye neva. Vipo vimeng'enya vingine vya kinga ambavyo hujifunga na sumu, molekuli moja kwa molekuli moja, mpaka viishe. Paraoksonasi haiishi kwa namna hiyo, bali huvunja molekuli moja ikageukia nyingine, na ndiyo maana wingi wake katika damu una uzito mkubwa katika kuamua nani ataugua.

Mwingereza Norman Aldridge alikwisha kuvitenganisha vimeng'enya vya aina hii katika makundi mwaka 1953. Kazi ya Furlong, ambaye alishirikiana kwa miaka mingi na Lucio Costa, ilikuwa kuuliza kwa nini watu hawafanani. Mwaka 1993 maabara yake ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti inatokana na badiliko dogo sana katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 7: katika nafasi ya 192 ya mnyororo wa protini hiyo, baadhi ya watu wana kiungo kiitwacho glutamini na wengine wana ajinini, na badiliko hilo moja hubadili kasi ya kimeng'enya dhidi ya sumu mbalimbali. Mwaka 1998 ilitangazwa habari ya panya waliozalishwa bila jeni hiyo kabisa, ambao walidhurika kwa kiasi cha oksoni ya klopirifosi ambacho panya wa kawaida walikistahimili. Na baadaye panya kama hao walipodungwa paraoksonasi iliyosafishwa kutoka damu ya binadamu, kinga iliwarudia.

Utafiti huu ulikuwa na funzo moja la unyenyekevu ambalo halifai kupitwa haraka. Paraoksonasi ilipata jina lake kutokana na paraoksoni, yaani oksoni ya parathioni, kwa sababu ndani ya chupa ya maabara huivunja vizuri. Lakini panya wasio na kimeng'enya hicho hawakuonekana kudhurika na paraoksoni kuliko wenzao wenye nacho, ilhali dhidi ya oksoni za klopirifosi na diazinoni pengo lilikuwa kubwa. Ndani ya mwili hai, ambamo sumu huwa chache na muda ni mfupi, kimeng'enya hakikuweza kuifanya ile kazi iliyokipa jina. Mtu anayetaka kujenga theolojia juu ya biolojia inampasa kukumbuka hilo, kwa maana kinachoonekana kuwa kinga kikitazamwa peke yake chaweza kisiwe kinga kikiwekwa mahali pake.

Sasa yatazamwe matokeo yaliyo mazito kuliko yote. Mwaka 2006 Furlong na wenzake, wakishirikiana na kundi la mtafiti Brenda Eskenazi, walitoa vipimo vya damu za akina mama 130 wa jamii ya wafanyakazi wa mashamba katika Bonde la Salinas huko California, pamoja na watoto wao wachanga. Ilionekana kwamba mtoto mchanga ana wastani wa robo tu ya kimeng'enya alichonacho mama yake. Kwamba kati ya wachanga wenyewe, mwenye kingi alimzidi mwenye kichache mara 26. Kwamba kati ya akina mama tofauti ilikuwa mara 14. Na kwamba ukimlinganisha mama aliyelindwa kuliko wote na mtoto aliyelindwa kwa uchache kuliko wote, pengo lilifika mara 65. Hawa si watu wa mabara mawili wala wa zama mbili, bali ni watu wa bonde moja, waliovuta hewa moja, na baadhi yao walikuwa ndani ya mwili mmoja muda mfupi tu kabla ya kupimwa.

Takwimu hizi zinagusa moja kwa moja namna ambavyo sheria za dunia huamua kipi ni salama. Tangu miaka ya 1950 imekuwa desturi ya wataalamu wa sumu kuchukua kiasi ambacho hakikumdhuru mnyama wa maabara, kukigawa kwa 10 kwa kuwa binadamu si panya, kisha kukigawa tena kwa 10 kwa kuwa binadamu hawafanani. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1996 iliongeza mgawo mwingine wa 10 kwa ajili ya watoto, isipokuwa pale penye ushahidi wa kutosha wa kuuacha. Kumi ya pili, ile inayosimamia tofauti kati ya mtu na mtu, ni namba iliyochaguliwa kwa busara na kwa nia njema, lakini haikutokana na kipimo cha kimeng'enya hiki, na pengo la 65 linaonyesha kwamba mtu wa mwisho katika mstari anaweza kuwa nje ya ukuta ambao wengine wote wanaamini umemzunguka. Nyuma ya hesabu hiyo limekaa swali la kifalsafa: sheria inapotamka neno salama, inamsemea nani?

Kabla ya kulijibu swali hilo inafaa kulisikiliza pingamizi la muumini, au la mtu anayetaka kuamini na anaona ugumu. Waumini wengi, wakisikia kwamba damu ya binadamu ilikuwa na kimeng'enya cha kuvunja sumu hizi tangu kale, zamani kabla Schrader hajazaliwa, huona hapo ushahidi wa Mungu aliyeandaa dawa kabla ya ugonjwa. Ni fikra inayogusa moyo, na hakuna haja ya kuidharau. Hata hivyo haiwezi kubeba mzigo unaowekwa juu yake. Kwa kadiri inavyojulikana, kazi ya asili ya paraoksonasi ni nyingine, inayohusu kuvunja misombo fulani iitwayo laktoni na kuyalinda mafuta ya damu yasiharibiwe na oksijeni, na uwezo wake dhidi ya dawa za wadudu ni ziada iliyotokea. Tena mwaka 2018 Wynn Meyer na Nathan Clark wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, pamoja na Furlong na wengine, walionyesha kwamba wanyama wanyonyeshao wa majini, wakiwemo nyangumi, pomboo na jamii ya nguva, walikwisha kuipoteza kazi ya jeni hii mamilioni ya miaka iliyopita, kila ukoo kwa njia yake, pengine kwa sababu maisha ya kupiga mbizi yaliwaondolea haja yake ya zamani. Nguva anayekula majani kwenye maji yanayopokea mikondo kutoka mashambani leo anakutana na sumu ambayo babu zake hawakuijua, akiwa hana kinga ambayo babu zao walikuwa nayo. Anayesema kwamba kimeng'enya kiliwekwa ndani ya binadamu kwa sababu ya parathioni ya mwaka 1944 inambidi pia aeleze kwa nini kiliondolewa kwa nguva.

Hilo halimpokonyi muumini imani yake, bali linamrudisha kwenye fundisho la zamani lililo imara zaidi. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu huongoza ulimwengu kupitia visababishi vya pili, yaani viumbe vyenye nguvu zao halisi na pia mipaka yao halisi, ambavyo vyaweza kufaulu na vyaweza kushindwa. Kwa mtazamo huo kimeng'enya ni zawadi ya kweli bila kuwa ahadi, na kutokuwepo kwake katika damu ya mtu fulani si hukumu juu ya mtu huyo.

Na hapa ndipo Likasi inapoingia katika hoja kwa uzito wake wote. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Edward Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu Wazande, ambao sehemu yao huishi kaskazini mwa Kongo, akaeleza kwamba ghala likimwangukia mtu aliyejipumzisha kivulini mwake, Wazande wanajua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liliangukia watu hawa, saa hii, na ni uchawi unaojaza nafasi hiyo tupu. Maelezo hayo yamejadiliwa na kusahihishwa mara nyingi, lakini umbo la swali linatambulika katika miji ya Katanga, ambamo ugonjwa wa ghafla, hasa unaofanana na kutiliwa sumu, huzua haraka swali la nani aliyefanya. Sayansi ya sumu kwa muda mrefu ilijibu kuhusu mchwa tu: ilisema dawa hii huua kwa njia hii. Kwa kuwa haikuwa na la kusema kuhusu kwa nini yeye, nafasi iliyobaki wazi ilikaliwa na jirani mwenye kijicho, na bibi kizee asiye na wa kumtetea, na, kwa uchungu mkubwa kuliko yote, na mtoto.

Utafiti wa paraoksonasi unaingia katika nafasi hiyohiyo. Unaweza kusema: huyu aliugua na yule hakuugua kwa sababu damu ya huyu ina kimeng'enya kichache, au cha aina isiyo na kasi dhidi ya dawa hii, na unaweza kusema hivyo bila kumtaja mwanadamu yeyote kuwa mwovu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu kwa tuhuma hiyo. Lakini sheria inayokataza jibu bila kutoa jibu lingine huwaacha watu na swali lao mikononi. Padri au mchungaji wa Likasi anayejua kwamba miili hutofautiana katika kinga yake kiasi hiki ana neno la kuwaambia wafiwa ambalo ni la kweli, linaloeleweka, na linalomwokoa asiye na hatia. Hiyo ni kazi ya kichungaji kwa maana kamili, na inasikitisha kwamba vyuo vinavyowaandaa watumishi wa Mungu vinaifundisha biolojia kwa uchache namna hiyo.

Hata hivyo itakuwa kosa kubwa kuacha hoja hapo, kana kwamba kwa kumwondolea jirani lawama tumemaliza kutafuta anayewajibika. Kimeng'enya kinaeleza kwa nini mmoja kati ya wawili aliugua. Hakielezi kwa nini wote wawili walipewa sumu kali bila glavu, bila maji ya kunawa, katika chupa isiyo na lebo au yenye maandishi ya lugha wasiyoisoma. Swali la nani linabaki halali. Lililobadilika ni uelekeo wake, kwa sababu sasa linawaelekea watengenezaji, waagizaji, wauzaji na watungaji wa sheria, ambao matendo yao yanaweza kuthibitishwa kwa hati na kwa vipimo, wala si kwa ndoto na ramli.

Katanga yenyewe imeonyesha jinsi vipimo vinavyoweza kufanya kazi hiyo, ingawa kwa sumu za aina nyingine. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven na wenzao walichapisha matokeo ya mikojo ya watu 351 wa eneo la migodi, na viwango vya kobalti kwa wanaoishi karibu na migodi na viwanda vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyokuwa vimeripotiwa hadi wakati huo kwa raia wa kawaida popote. Kazi iliyofuata ilionyesha kuwa njia kuu za kuingia ni mboga zinazolimwa kwenye udongo uliochafuliwa na, kwa watoto hasa, vumbi. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulihusisha kasoro za kuzaliwa na kazi za baba katika uchimbaji, jambo linalostahili kusikika katika kila familia ambamo mama amewahi kulaumiwa peke yake kwa mtoto aliyezaliwa na kilema. Metali na dawa za wadudu hukutana katika bustani moja na katika sahani moja. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya metali, kama vile kadimi, zebaki na shaba, huidhoofisha paraoksonasi ndani ya chupa. Na kwa kuwa chupa na mwili havilingani, kama historia ya paraoksoni ilivyokwisha kufundisha, hoja hiyo inatosha kudai uchunguzi na haitoshi kuwatia watu hofu.

Mji wa Likasi una haki ya kipekee ya kushiriki katika mjadala wa kifalsafa unaotokana na mambo haya. Mwaka 1945, huko Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilitoka kwa Kifaransa kazi ya mmisionari Placide Tempels iitwayo Falsafa ya Kibantu, iliyodai kwamba kwa Waluba kuwapo ni nguvu yenyewe, na kwamba nguvu ya kiumbe huongezwa au hupunguzwa na viumbe vingine. Fabien Eboussi Boulaga na Paulin Hountondji waliikosoa kwa ukali, kwa kuwa iliwabebesha watu wote falsafa moja ambayo hawakuulizwa kama ni yao. Na Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 katika mji huuhuu ulipokuwa bado Jadotville, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1988 jinsi Afrika ilivyozungumziwa kwa vipimo vilivyotengenezwa na wengine. Ukosoaji huo ni sahihi na onyo la Mudimbe linahusu hata kimeng'enya, maana mipaka ya usalama inayotumika Likasi ilikokotolewa kwa miili ya mahali pengine. Lakini katika miaka ya 1950 Tempels huyohuyo, akiwa kati ya wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi, alianzisha Jamaa, chama cha Wakatoliki ambacho mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili na kuzunguka maneno matatu, uzima, uzazi na mapendo. Na humo, kwa vinywa vya wafanyakazi wenyewe na wake zao, wazo la kwamba uzima wa mtu haukai ndani yake peke yake lilipata sauti ambayo haikuwa ya mzungu kuwasemea.

Wazo hilo lachukuliwe kama dai la kupimwa, wala si kama roho ya kabila, kisha liwekwe mbele ya mtoto mchanga mwenye robo ya kinga ya mama yake. Kabla ya kuzaliwa, sumu iliyoingia kwa mama ilivunjwa kwa sehemu katika damu ya mama. Baada ya kuzaliwa, mtoto anabaki na kichache alicho nacho mpaka ini lake likue, na kwa kipindi hicho kinga yake iko nje ya mwili wake: katika uamuzi wa baba kutoingia ndani na nguo alizovaa akipulizia, katika ukweli wa muuzaji, katika sheria. Pingamizi dhidi ya wema wa Mungu linalotokana na mgawanyo usio sawa wa kinga lina nguvu ikiwa kinga yote ilipaswa kuwekwa ndani ya ngozi ya kila mmoja. Linapungua nguvu, ingawa haliishi, ikiwa sehemu ya kinga iliwekwa makusudi kati ya mtu na mtu. Haliishi, kwa sababu mtoto akifa, haitoshi kusema kwamba wengine walipewa nafasi ya kuwa wema na wakaikosa. Mtoto hakuumbwa ili awe mtihani wa watu wengine, na theolojia yoyote inayomfanya hivyo imekosea kabla haijamaliza sentensi yake.

Mapokeo ya dini yanayosomwa Likasi yana mwelekeo unaofanana kwa namna ya kushangaza katika jambo hili. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 22, humwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari lake, asije akajiletea hatia ya damu mtu akianguka; amri hiyo haiulizi kama aangukaye alikuwa mwenye kizunguzungu au mwenye miguu imara, na ukingo hautozwi kwa mgeni bali kwa mwenye nyumba. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliufanya udhaifu wa ndugu kuwa mpaka wa uhuru wa aliye imara. Wanasheria wa Kiislamu nao walijenga juu ya hadithi mashuhuri ya kwamba hapana kudhuru wala kulipiza madhara, wakatoa humo kanuni kwamba madhara huondolewa. Hakuna hata moja kati ya hizi inayochukua mtu wa wastani kuwa kipimo. Zote humtafuta aliye karibu zaidi na ukingo.

Ipo njia nyingine ya kuyatumia maarifa haya, nayo inavutia kwa sababu ni rahisi. Badala ya kushusha kiwango cha sumu hadi kwa aliye dhaifu, mwajiri angeweza kuwapima watu jeni zao na kuwapeleka kupulizia wale tu wenye kimeng'enya kingi. Itaonekana kama huruma. Lakini itageuza zawadi ya mwili kuwa sifa ya ajira, itawanyima kazi wasiochagua jeni zao, itawapa wenye kinga leseni ya kuchafuliwa zaidi, na haitamsaidia mtoto aliye nyumbani, ambaye hakuajiriwa na mtu. Aidha, wale panya ambao kukosa kimeng'enya hakukuwaongezea madhara ya paraoksoni wanakumbusha kwamba mwenye kinga dhidi ya dawa moja hana hakika dhidi ya nyingine.

Kipimo kinachostahili kwa kazi za shambani kilikwisha kujaribiwa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1993 na 1994 Grace Ohayo-Mitoko na wenzake waliwapima wafanyakazi wa kilimo 666 wa Kenya, 390 kati yao wakiwa wanaoshika dawa na 276 wasiozishika, katika maeneo ya Naivasha, Homa Bay, Wundanyi na Migori, wakitazama ile asetilikolinesterasi ambayo sumu huizima. Kwa walioshika dawa kimeng'enya kilishuka kwa wastani wa theluthi moja, na karibu watu watatu katika kila kumi walikuwa wameshuka chini ya asilimia 60 ya kiwango chao wenyewe cha kabla ya kupulizia. Hakuna hata mmoja wa kundi la pili aliyefika huko. Ubora wa kipimo hicho ni kwamba hakimlinganishi mtu na wastani wa watu wa nchi nyingine wala hakimpangi katika daraja la wenye nguvu na wanyonge, bali humlinganisha na nafsi yake ya kabla ya msimu, hivyo aliye dhaifu huonekana mapema na dawa iliyomdhuru hujulikana. Vifaa vya kubebeka vinavyotumia tone la damu ya kidole vipo. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kongo inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, na kwa mkulima wa Likasi haki hiyo ingeweza kuanza kwa tone hilo, likichukuliwa mwezi wa Oktoba kabla mvua hazijashika na pampu hazijatolewa ghalani, kisha kuchukuliwa tena mwishoni mwa msimu, matokeo yote mawili yakiwekwa mikononi mwake mwenyewe.